Watu Wawili wa Mgongoni

Asubuhi ya pili ya safari ilianza kama ya kwanza: mjomba akitafuta soksi. Aliitafuta chini ya kitanda, akaitafuta ndani ya sufuria, akawasingizia panya wasio na hatia, na mwishowe akaikuta mguuni kwake.

"Usicheke," alimwambia mpwa wake. "Mguu umeivaa bila kuniomba ruhusa."

Mpwa mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Nyumbani walimwita Kiherehere, maana hakuna jambo lililopita karibu naye asilitie mkono. Mjomba wake alikuwa fundi baiskeli, na likizo hii alimwahidi dada yake kwamba atamzungusha mtoto bonde zima, mchana kwa baiskeli na kwa miguu, usiku wakilala kwenye vibanda vya mlimani, kisha amrudishe akiwa na meno yake yote.

Kibanda cha kwanza kilikuwa chumba kimoja cha mbao chenye vitanda sita na jiko la kuni. Mezani palikuwa na daftari nene. Kila aliyelala pale, kabla hajaondoka, aliandika wako wangapi na watapita njia gani kwenda kibanda cha pili. Njia zilikuwa mbili tu. Ya bondeni ilifuata mto, pana, ya baiskeli. Ya mgongoni ilipita juu kabisa kwenye mgongo wa mlima, nyembamba, ya miguu tu, na upande mmoja ulikuwa poromoko.

"Mimi simuulizi mtu," mtunza kibanda aliwaeleza jioni walipofika. "Wengine huacha baiskeli bandani kule chini wakapita juu, wengine huzipanda wakafuata mto. Saa mbili asubuhi naushika mdomo wa simu ya upepo, namsomea mwenzangu wa kibanda cha pili kilichoandikwa. Asiyefika kwake saa kumi jioni, anatafutwa. Na anatafutwa kwenye njia aliyoiandika."

"Andika wewe," mjomba alimwambia Kiherehere asubuhi ile. "Mimi nateremka bandani kujaza baiskeli upepo, tufuate mto. Na uandike vizuri, siyo kama kuku kaparura."

Kiherehere alifungua daftari, na jicho likamwangukia mtu anayemfahamu. Wiki mbili nyuma alikuwa amepita mvulana wa darasani kwao, yule waliyemwita Jogoo kwa sababu hujisifu kabla hata hakujapambazuka. Aliandika: "Watu wawili, mimi na baba. Njia ya mgongoni. Rahisi tu." Chini ya neno "rahisi" alipiga mistari miwili.

Basi Kiherehere akaona picha nzima. Jogoo juu ya mgongo wa mlima, kifua mbele. Yeye kule chini mtoni, pamoja na bata. Kalamu ikatembea: "Watu wawili, mtu mzima na mtoto. Njia ya mgongoni. Rahisi mno." Akapiga mistari mitatu.

Moyo ulimdunda kidogo. Akauambia, nani atajua? Akafunga daftari, akashuka mbio bandani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kiherehere siku ile ilikuwa ndefu, yenye mawe, na yenye pancha mbili. Pancha ya kwanza mjomba aliiziba huku akipiga mluzi. Ya pili aliiziba bila mluzi. Ukungu ulianza kushuka kutoka mlimani, na walipofika kibanda cha pili saa ilikuwa imekwisha kugonga kumi na moja.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani hapakuwa na mtu. Juu ya meza palikuwa na chupa ya chai, vikombe, na karatasi. Mjomba akaisoma kwa sauti:

"Nimepanda mgongoni kutafuta watu wawili, mtu mzima na mtoto. Ukifika hapa, kunywa chai, upumzike. Hao wawili wakitokea, gonga chuma kilicho nje mara tatu ili nirudi."

"Masikini," mjomba alisema, akivua kofia. "Mtu mzima na mtoto, kama sisi. Sijui ni mzazi gani huyo, anampandisha mtoto kule na ukungu huu. Angekuwa mbele yangu, ningemfungua kichwa nione kama kina boliti zote."

Mjomba alimmiminia Kiherehere chai. Ilikuwa ya moto, tena yenye sukari nyingi, ya mtu anayejua wageni wake watafika wamechoka. Alikunywa funda moja, akageuka kutazama nje. Dirishani ukungu ulikuwa umeumeza mlima wote. Alijiambia atasema akimaliza kikombe. Kikombe kikaisha. Alijiambia labda mtunzaji atachoka, atarudi mwenyewe.

Mjomba akasimama, akaanza kuvaa koti lake la mvua.

"Unaenda wapi, mjomba?"

"Juu. Mtu yuko peke yake huko anatafuta watu, nami nikae hapa nahesabu vikombe? Wewe baki, funga mlango."

Kiherehere akamkamata mkono wa koti. "Usiende."

"Unaogopa kubaki?"

"Mjomba, hakuna watu wawili." Sauti ilitoka nyembamba kama si yake. "Ni sisi. Niliandika mgongoni. Kwa sababu Jogoo aliandika mgongoni."

Alingoja kelele. Alingoja hata mzaha, maana mjomba wake alikuwa na mzaha kwa kila kitu, hata msibani. Mjomba hakutoa hata mmoja. Aliuangalia mlima usioonekana, akamwangalia yeye, akatazama vile vikombe viwili vitupu. Kisha akachukua nyundo iliyokuwa kando ya mlango, akampa mkononi.

"Toka nje ugonge."

Chuma kilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia upenuni. Kiherehere alikigonga mara tatu, akasikiliza. Ukungu haukujibu. Akagonga tena. Kila baada ya muda mjomba alisema "tena", na hilo ndilo neno pekee alilomwambia. Kiganja kilipata malengelenge. Hakuthubutu kulalamika, maana angemlalamikia nani?

Giza lilikuwa linakaribia mtu alipotokea kwenye ukungu. Alikuwa mama mnene kidogo, mwenye mabuti ya mpira, amelowa hadi mabegani. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa umechanika na kiwiko kinatoka damu. Alipomwona Kiherehere alitupa fimbo, akamkumbatia kwa nguvu.

"Mmefika! Jamani, mmefika! Pole mwanangu. Mmeteremkia wapi? Nimeita mpaka sauti imekauka. Umeumia popote?"

Kiherehere alisimama ndani ya kumbatio lile akatamani ardhi ipasuke. Kugombezwa angeweza kuvumilia. Kupewa pole kulimshinda.

"Shikamoo, mama," alisema, na machozi yakaanza. "Hatukupita huko. Tumetoka bondeni kwa baiskeli. Niliandika uongo."

Mikono ya yule mama ililegea taratibu. Alimtazama mjomba, na mjomba, mtu mzima na masharubu yake, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, dada yangu," alisema. "Kuandika ilikuwa kazi yangu. Nilimwachia mtoto, wala sikusoma alichoandika."

"Ingieni ndani," mama alisema. "Kuna baridi."

Alipokwisha kuosha kiwiko, aliwasha simu ya upepo, akamwekea Kiherehere mdomo wa simu mbele. "Mwenzangu wa kule hajala tangu saa kumi, anangoja habari. Mwambie wewe." Kiherehere akasema yote, akijua vibanda vyote vya bonde vinasikia. Sauti ya yule mtunza kibanda cha kwanza ikajibu, "Haya. Ilimradi mko hai." Kiherehere akatamani atukanwe.

Asubuhi mama alimwambia, "Vaa viatu. Jana niliposikia chuma nilikimbia, nikaacha vitu juu. Twende tukavichukue."

Walipanda watatu. Njia haikuwa "rahisi mno". Mahali pengine Kiherehere alitambaa kwa mikono na magoti, na hakujali nani anamwona. Chini ya jiwe moja kubwa walikuta mfuko. Ndani yake mlikuwa na blanketi mbili, chupa ya chai iliyokwisha kupoa, na mayai mawili ya kuchemsha yaliyofungwa vizuri katika kitambaa.

Hatua chache mbele, ukingoni kabisa mwa poromoko, udongo ulikuwa na alama mbili za magoti.

"Hapa nilipiga magoti nikachungulia," mama alisema. "Nikaona kitu chekundu kule chini. Unakiona? Kile pale, kwenye kichaka."

Kiherehere alichungulia. Ulikuwa mfuko wa plastiki, umenaswa kwenye miiba.

"Kwenye ukungu nilidhani ni nguo ya mtoto. Nikaanza kushuka. Jiwe likateleza, ndipo nilipochuna kiwiko. Nilikuwa bado nimeshika mzizi, nafikiria niendelee au nirudi, nikasikia chuma."

Kiherehere alitazama zile alama za magoti. Akakumbuka kikombe cha chai alichokuwa akisubiri kukimaliza kwanza.

"Nilikuwa sikujui, mwanangu," mama aliendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Sura yako sikuwa nimeiona. Nilikuwa na maneno yako tu, nikayafuata mpaka hapa. Mtu anayesema uongo wa kujisifu hudhani ni mdogo, haumdhuru mtu, kwa kuwa yeye ameshauacha nyuma. Wapo wengine wanaouamini, na wanautembelea kwa miguu yao. Ukisema jambo, liseme kama mtu anayejua kuna mwenzake atakanyaga hapo."

"Nimekoma, mama. Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe jana. Ingekuwa sijakusamehe, ningekupandisha hapa?" Alifungua kile kitambaa, akamenya yai moja, akamnyooshea. "Kula. Hili lilikuwa lako."

Kiherehere alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa la baridi, na halikuwa na chumvi. Alikula lote, hadi chembe ya mwisho, kisha akajitwika blanketi zote mbili mgongoni na kuanza kuteremka mbele yao, akikanyaga polepole.