Paswedi Niliyomwachia Wifi Yangu

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Chome, huku juu milimani Upareni. Sijaolewa, sina mtoto. Nilichokuwa nacho ni kazi yangu na jina zuri kwa mama yangu... na vyote viwili viliniponyoka mwaka mmoja!

Mama alinisomesha kwa tangawizi. Aliibeba kichwani hadi gari linapofika, mvua na utelezi, mpaka nikapata diploma ya kompyuta. Nilipoajiriwa na chuo kimoja kule Same mjini, alitangaza kanisani utadhani nimeteuliwa uwaziri.

Kila muhula niliandaa kompyuta pepe arobaini za wanafunzi. Hizi hazina sanduku wala waya, zinaishi ndani ya kompyuta kubwa ya chuo, yaani seva. Kila moja uipe jina, uiunge kwenye domeni, yaani mtandao wa ndani wa chuo, ili imtambue mwanafunzi, kisha uipakie programu zake. Kwa mkono ilinila wiki mbili. Macho yaliniwasha, na mgongo ndio usiseme!

Basi nikaandika skripti, maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe. Nabonyeza mara moja, nakunywa chai, narudi nakuta zote arobaini ziko tayari. Nilijiona mjanja kweli. Lakini kila inapounga kompyuta, skripti ilitaka paswedi ya mwenye mamlaka, nami kwa uvivu nikaandika paswedi yangu humo humo ndani, wazi kabisa. Paswedi ile ilifungua kila kitu chuoni, hata matokeo ya mitihani! Ningeweza kutengeneza akaunti ndogo ya kuunga kompyuta tu. Ni kazi ya dakika kumi. Sikuifanya.

Wifi yangu Nakunda, mke wa kaka yangu wa pekee, alikuwa ofisi moja na mimi. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi ile. Mama alipougua ghafla, muhula ukiwa unakaribia kufunguliwa, niliomba ruhusa nipande Chome. Nakunda akaniambia, "Nenda wifi, kamuuguze mama. Niachie tu ile skripti yako, kompyuta nitaziandaa mimi."

Kwetu, siku ya msaragambo, kijiji kizima kinapotoka kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, ukimnyima jirani jembe utasemwa mpaka uzeeke. Nimelelewa hivyo. Nikampa skripti nzima kwenye flashi, paswedi ikiwa ndani yake. Ningemnyimaje wifi yangu?

Niliporudi nikaitwa kwa mkuu wa chuo. Alama za mwanafunzi mmoja zilikuwa zimebadilishwa, aliyefeli amefaulu, na kumbukumbu za seva zilionyesha jina langu. Mwanafunzi huyo ni mdogo wake Nakunda! Nikajitetea kwamba nilikuwa Chome nikiuguza. Wakanijibu kwamba mtandao unafika hata mlimani, na kwamba huyo kijana ni wa kwetu.

Nikaomba Nakunda aitwe. Akaja, akasimama, hakunitazama hata kidogo. "Hajawahi kunipa skripti yoyote," akasema. "Kompyuta aliziandaa mwenyewe kabla hajaondoka."

Jamani! Wiki ile ile nikafukuzwa kazi.

Nikapanda tena Chome, angalau mama ausikie ukweli kinywani mwangu. Kumbe Nakunda alishampigia simu, akaapa huku akilia! Mama, pamoja na udhaifu wake wote, akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini uibe alama, halafu umsingizie mke wa kaka yako?"

Nikapiga magoti. Nikaeleza habari za seva, za skripti, za paswedi... angeelewa wapi? Alichojua ni kwamba jina lililokutwa ni langu. Akageukia ukutani.

Miezi miwili nilimwogesha, nikamlisha uji kwa kijiko. Hakuniita tena mwanangu. Alifariki akiamini kwamba amezaa mwizi.

Siku ya tatu baada ya maziko, Nakunda alianguka miguuni pa kaka mbele ya ukoo mzima, akakiri yote. Alisema alitaka kusema mapema, ila aliogopa kupoteza kazi na ndoa. Wazee wakanisihi nimsamehe. Nimemsamehe kwa mdomo, moyo bado unakataa. Chuo nacho hakikunirudisha. Walisema paswedi ilikuwa yangu na mimi ndiye niliyeitoa, na hapo siwezi kuwabishia.

Wasomaji wenzangu, nawasihi kwa machozi, msiandike paswedi zenu ndani ya skripti, wala msimpe mtu, hata kama mmenyonya ziwa moja! Kukataa si uchoyo, na atakayenuna atanuna siku mbili tu.

Na wewe uliyemtwisha mwenzako kosa lako, unayengoja siku nzuri ya kusema... unangoja nini? Nenda kaseme leo, mama yake angali anasikia.