Nilimla Kuku wa Mama Mkwe, Kisha Nikamlaza Jikoni

Nina miaka arobaini na mitatu, ni Mluba, baba wa watoto wanne, na ninauza mahindi hapa Kamina. Wasomaji wenzangu, mtaani kwangu wananiita mkwe mwema. Kila wakiniita hivyo natamani ardhi ipasuke inimeze... Someni mpaka mwisho, kisha mniambie kama ninastahili.

Mwaka ule mvua zilizidi. Mto Lualaba ulifurika upande wa Malemba-Nkulu, ukaingia mashambani na majumbani. Kijiji cha wakwe zangu kikazama. Mama mkwe wangu, mjane, alitoka huko kwa mtumbwi, akabebwa kwa baiskeli ya mizigo, kisha lori, hadi kwetu. Hakuwa na kitu isipokuwa nguo alizovaa na kuku mmoja mwekundu aliyefungwa miguu.

Wasiojua mila zetu niwaeleze. Nilivyolelewa, mwanaume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukimbiana. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamlali chini ya paa moja. Lakini mila hiyo ina njia ya kutokea. Mama mkwe akitoa kuku, na mkwe akamla, haya imekwisha. Mnaweza kukaa nyumba moja.

Mama alisimama nje ya ua, amenipa mgongo, akamtuma mke wangu, Mama Ilunga.

"Umwambie mukwe wangu, hii kuku njo ya kuondosha haya kati yetu. Maji ilishabeba ingine yote."

Nilimla, wasomaji! Nilimla na bukari, ugali wetu, nikafyonza hata mifupa. Kisha nikamwambia mke wangu kwamba mila ni mila, mama atalala jikoni.

Kwa nini? Ninaona aibu kuandika... Chumba cha pili kilijaa magunia ya mahindi. Mashamba ya bondeni yalikuwa yameharibika, nami nilisubiri bei ipande. Yaani maji yaliyomfukuza mama huyu ndiyo niliyotaka yanitajirishe!

Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, imeezekwa mabati. Jiko lilikuwa nje, la matofali mabichi, nyasi juu. Mke wangu alinisihi, akanikumbusha kuku. Nikakunja uso, nikasema siwezi kuwavunjia wazee wangu heshima. Hakubishana. Alichukua mkeka akampelekea mama yake.

Mama hakulalamika. Alitwanga, alifagia ua kabla sijaamka, na kila nilipopita alijifunika uso kwa kitambaa. Ukimya wake ulinifaa sana. Nilijiambia ameridhika.

Jumapili moja mke wangu na watoto walikuwa kanisani, mama amebaki jikoni. Mvua ikashuka, na haikuwa mvua ya kawaida! Upepo uling'oa mabati ya jirani, ua ukajaa maji. Nilichungulia dirishani nikaona ukuta wa jiko umelowa kuanzia chini, umeanza kutoa tumbo. Matofali mabichi ninayajua. Nilijua kabisa kitakachotokea.

Nikataka kumwita. Halafu nikawaza, mimi na mama mkwe wangu, wawili tu ndani, watu watasemaje? Kana kwamba sikumla yule kuku! Nilipokuwa nimesimama hivyo, nikasikia maji yanadondoka juu ya magunia. Nikakimbilia magunia... Nilikuwa nikiyatandazia turubai niliposikia kishindo.

Nilichimba kwa mikono. Majirani walinikuta nimemtoa, nimempakata kifuani, nguo zimemchanika. Alikuwa hai bado. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika. Kwa ule mwingine alikuwa akipapasa kutafuta kitambaa chake, ajifunike uso nisimwone. Mungu wangu, hata pale alikuwa akiniheshimu!

Alifariki hospitalini jioni ileile.

Kwenye matanga watu walinisifu. Habari za kuku hawakuzijua, wakasema huyu ni mkwe kweli, amevunja mwiko ili amwokoe mama. Wajomba wa mke wangu walinishika mikono na kunishukuru. Nami nikainamisha kichwa, nikazipokea sifa zote. Mke wangu alikuwa ameketi na wanawake wenzake, ananitazama tu.

Wageni walipoondoka, alikuja akaketi mbele yangu.

"Kila siku mama alikuwa ananiuliza kama kuku ilikuwa kidogo," akasema. "Minyi ningemujibu nini?"

Mahindi niliyauza. Chumba kile ni kitupu, na humo ndimo mke wangu anamolala. Ananipikia, ananifulia, mbele ya watoto ananisalimu vizuri. Basi.

Ndugu zangu, mvua hatuwezi kuizuia, na mto ukitaka kuja unakuja. Lakini aliyenusurika akifika mlangoni pako, mwingize kwanza! Mambo mengine yasubiri. Usijifiche nyuma ya mila wala nyuma ya dini kwa sababu ya tamaa yako. Mimi nilijificha, na waliotangulia ndio niliowasingizia. Msifanye kama mimi, nawaomba...

Nimeamua kwenda kwa wajomba wa mke wangu kuwaeleza haya niliyoyaandika. Wanaweza kunitoza faini, wanaweza kumchukua binti yao. Nilimwambia Mama Ilunga kwamba ninakwenda. Akaniambia nitangulie, yeye atakuja nyuma asikilize kama nitasema yote.