Nakala Zilizobaki

Jengo la simu halina subira na mtu. Spika zinashindana, wauza kava wanakuvuta mkono, na ukisimama kidogo tu kufikiri, keshakusukuma mtu. Humo ndimo alimoingia yule nesi mchana mmoja, gauni lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, sweta la bluu mabegani, simu yenye kioo kilichopasuka mkononi, na sura ya mtu aliyetoka kugombana na wakubwa zake. Alipogeuka tu, akagongana uso kwa uso na mwanamume aliyevaa lenzi ya fundi kwenye paji la uso.

"Pole, sista. Umeumia?"

"Kidude chako hicho cha kichwani kimeniumiza. Kwani unaona nacho?"

"Nilikuwa sioni cha maana. Sasa naona."

"Usimsikilize, mwanangu!" alidakia Mama Kava, jirani yake wa kibanda, mwanamke mnene mwenye kilemba cha zambarau na masikio yaliyosikia habari za jengo zima. "Anawaambia wote hivyohivyo."

"Wote gani, Mama Kava? Mwaka huu hata paka hajanisogelea."

Nesi alikuwa ameapa kutocheka siku ile. Akacheka.

Fundi huyo walimwita Bila Bando, kwa sababu alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kitu alitaka kifanye kazi bila mtandao. Alipokuwa akibadilisha kile kioo, nesi akajikuta anamwaga ya moyoni. Wodi yake ilikuwa chini ya ardhi, mtandao haufiki. Nusu ya wagonjwa walitoka ng'ambo ya milima na lugha yao, na mkalimani aliyekuwapo alipunguzwa kazi.

"Tunaongea kwa vidole," alisema. "Mtu anashika tumbo, naandika tumbo. Kumbe anasema ana mimba, au ana njaa. Nitajuaje?"

"Programu ya kutafsiri ipo," fundi alisema bila kuinua macho. "Ya bure, ya watu wote, ukitaka unaipasua tumbo na kuishona upya. Shida ni kuiweka kwenye simu. Walioitengeneza wanadhani kila mtu ni mtaalamu kama wao."

"Na wewe unadhani kila mtu ni nani?"

"Mimi nadhani kila mtu ni mama yangu. Akiona maandishi asiyoyaelewa, anazima simu na kuifunika kitambaa."

Alikuwa tayari ameianza kazi hiyo. Aliibana programu ikaingia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Unachomeka, unabonyeza mara moja, unaongea. Nesi akawa mtu wake wa kujaribia. Kesho anarudi kulalamika kuwa inakwama, kesho kutwa kuwa sauti haisikiki, na siku ya tatu alirudi bila lalamiko lolote, midomo imepakwa rangi. Mama Kava akapiga kigelegele, jengo zima likageuka kutazama.

Mapenzi yao yakawa ya simu. Nesi alipanda ngazi mpaka getini, alikopata mtandao, ili tu ampigie.

"Umekula, laazizi?"

"Nakusubiri wewe uje unilishe."

"Una mikono, wewe!"

"Ina kazi ya kukuandalia programu yako. Sema, leo kuna malalamiko gani?"

"Moja tu. Ile alama nyekundu. Ikitokea, manesi wenzangu wanaitupa simu mezani. Na wagonjwa wakiiona wanadhani wameambiwa wanakufa. Itoe."

"Ile inasema maneno yamekuwa marefu, imeshindwa kuyamaliza."

"Nitawafundisha wenzangu wawaambie wagonjwa waongee kwa kifupi. Itoe bwana, kwa ajili yangu."

Fundi akacheka lile cheko lake la chinichini. "Kwa ajili yako ningetoa hata betri."

Akaitoa. Ndipo programu ilipopata miguu. Bila ile nyekundu hakuna aliyeiogopa. Manesi wakapeana kadi, madereva wa gari la dawa wakazibeba, zikaingia zahanati ambazo hata barabara haizifikii vizuri. Mama Kava alimpa kadi kila aliyenunua kava na kumwambia, "Hii kazi ya mkwe wangu." Wapenzi wale wakatembea mjini vichwa juu.

Kisha akaletwa mzee mmoja kutoka ng'ambo ya milima, mguu umeoza kidonda, homa inamchoma. Daktari akaandika sindano. Nesi akamsogezea simu na kumuuliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Mzee alikuwa msemaji. Alijibu kirefu, mikono inakwenda hewani, na simu ikatoa jibu safi: "Mimi si mtu wa hospitali, binti yangu. Nimetumia dawa nyingi na nashukuru zimenisaidia."

Mzee akabaki anamtazama, kama anayengoja kuitikiwa. Nesi akamwitikia kwa tabasamu, akamchoma.

Hakuwahi hata kuitupa ile sindano. Uso wa mzee ulivimba, kisha shingo, kisha pumzi ikawa inapita kama kwenye tundu la funguo. Daktari alikuja mbio, wakahangaika naye kwa kila walichokuwa nacho. Alikata roho ameshika mkono wa gauni la nesi.

Aliyekuja kuchukua maiti alikuwa binti yake, aliyezijua lugha zote mbili.

"Hakuwaambieni?" aliuliza, wala hakupandisha sauti. "Baba? Sindano hiyo iliwahi kumpeleka kaburini akarudi. Alimsimulia kila mtu mpaka tukachoka. Huanza mbali, lakini hufika."

Nesi akajifungia stoo ya mashuka. Akaiambia simu maneno marefu, ya ovyo tu, yaliyomjia. Simu ikarudisha nusu yake. Nusu iliyonyooka, yenye nukta mwishoni, kana kwamba hakuna kilichosemwa zaidi.

Akapanda getini, akapiga simu.

"Mtu amekufa," nesi alisema mara fundi alipopokea.

"Nani?"

"Mgonjwa wangu. Imemkata maneno. Ile alama, mpenzi. Ile alama."

"Ni toleo lipi? La kwanza au hili la pili? Angalia chini kabisa ya..."

"Nakwambia nimeua mtu, wewe unaniuliza toleo?"

"Nahitaji kujua limefika wapi..."

Akamkatia simu.

Kesho yake kibanda kilikuwa na kufuli. Simu ya fundi haipatikani. Hata ukurasa wa mtandaoni ambako watu wa mjini waliipakua programu ulikuwa mtupu.

"Ameondoka na begi, hakuniaga," Mama Kava alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani mdomoni. "Mimi, ninayejua mpaka rangi ya soksi zake!"

"Ameingia mitini, Mama. Anafuta nyayo zake."

Wakubwa wa hospitali walimweka nesi kitako. Daktari aliyekuwa akiisifu ile simu mbele ya wageni alitazama dari. Waliuliza ni nani aliyeharibu programu.

"Mimi niliomba alama itolewe," nesi alijibu.

"Ulimwomba nani?"

"Mtu niliyedhani namjua."

Wakamsimamisha kazi. Akarudi chumbani kwake, akalala na viatu, na siku zikapita akiwa hataki kuonana na mtu. Mama Kava alimletea chakula na umbea wa jengo, akarudi na vyombo vimejaa.

Asubuhi moja simu ikaita, namba ngeni. Sauti ya mwanamke, anahema.

"Wewe ndiye sista wa wodi ya chini? Mimi nesi mwenzako, zahanati ya juu kabisa huku. Nimepanda kilima kutafuta mtandao. Kuna mwanamume amelala kwenye benchi la wagonjwa wetu, ana homa, hataki kupumzika. Ametunyang'anya simu zote, anazibadilishia ile programu moja moja. Kasema nikwambie, ile ya zamani haiitiki ikiitwa. Lazima ifuatwe."

Nesi akakaa kitandani, akaelewa. Kile walichojivunia, kwamba programu haihitaji mtandao, ndicho kilichowafunga. Hakuna ujumbe ambao ungeweza kuzifikia zile nakala. Kila moja ilikuwa mfukoni mwa mtu, imejikalia kimya, inakata maneno.

Alipofika huko juu, alimkuta fundi kwenye lile benchi, amekonda, shati limechakaa mabegani.

"Sijawahi kukuona na gauni la rangi," fundi alisema.

"Jeupe wamelichukua." Akakaa, goti kwa goti. "Nilidhani umenikimbia."

"Nilitaka kujua nianzie wapi. Nilipaswa kukuuliza kwanza wewe ukoje."

"Ndiyo. Ulipaswa."

"Na ile alama... Nilijua kazi yake. Niliitoa kwa sababu nilitaka unipende."

"Na mimi nilitaka siku zangu ziwe nyepesi." Akamshika paji la uso, lilikuwa la moto. "Zimebaki ngapi?"

"Hakuna anayejua."

Alimuuguza mpaka homa ikashuka, wakaondoka pamoja. Njiani, katikati ya vumbi, bila kusimama, nesi akasema, "Nioe."

"Sasa hivi? Na haya yote?"

"Na haya yote. Nani mwingine atakaa na sisi?"

Fundi alimpokea begi, akaendelea kutembea huku analia, na nesi akamwacha alie.

Zahanati iliyofuata msimamizi wake alikuwa nesi mtu mzima, aproni safi, simu mfukoni. Nyuma yake foleni ya wagonjwa imefika mlangoni.

"Hii siitoi," alisema. "Ile mpya mliyowawekea wenzetu ni kero, kila saa nyekundu. Hii yangu haina maneno mengi."

Fundi akafungua mdomo aeleze habari za matoleo. Nesi akamgusa mkono.

"Mama," alisema, "mimi nilimchoma mtu sindano nikiiamini simu kama hiyo. Alikuwa ananiambia itamuua. Sikuyapata hayo maneno. Alinifia mikononi."

Yule mama aliitoa simu polepole, akaiweka mezani. Akaitazama muda mrefu.

"Kuna msichana mmoja," alisema, "aliletwa wakati wa mvua." Akatafuta kiti kwa mkono, akaketi. "Tulishindwa kuelewa amepatwa na nini."

Fundi hakuigusa ile simu. Aliushika mkono wa mchumba wake, wakasimama hapo mbele ya meza wakimsikiliza, na mlangoni foleni ikawa inauliza kuna nini.