Mstari wa Tisa

Bi Kesho alichora mistari minane kwa penseli, mmoja kwa kila mtoto wa bibi yake, na asubuhi alipoamka akakuta tisa.

Alikuwa amechora ukoo wao nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akaibandika ukutani sebuleni, juu ya runinga. Bibi na babu juu, watoto wanane chini yao: Shangazi wa kwanza, baba yake Bi Kesho wa nne, na wengine ambao wote walishatangulia. Ule mstari wa tisa ulikuwa kulia kabisa, umenyooka, na chini yake hapakuwa na jina. Akaufuta kwa raba. Siku iliyofuata ulikuwepo, na siku ya tatu ulikuwepo, tena umekolezwa kama vile aliyeuchora amekasirika. Akamuuliza Shangazi kama ni yeye anayechezea kalenda yake.

"Mimi na macho haya?" Shangazi akasema. "Na wewe unachimbachimba ya nini? Waliokufa wamekufa."

Lakini Bi Kesho hakuwa mjinga. Aliona kwamba kiti cha Shangazi, ambacho miaka yote kilitazama runinga, sasa kilikuwa kimegeuzwa kikaupa ukuta ule mgongo. Shangazi, na miaka yake sabini na saba, alikuwa anasikiliza taarifa ya habari huku akitazama mlango.

Jina la Bi Kesho alipewa na umma, na tuseme ukweli, alilistahili. Alikuwa karani wa masjala ya vizazi na vifo kwa miaka ishirini na sita, na kila aliyefuata cheti pale dirishani alisikia maneno yaleyale: njoo kesho. Ila vitabu alivijua. Alijua kwamba kosa kwenye kitabu cha vizazi halifutwi wala halikwanguliwi kwa wembe. Linapigwa mstari mmoja mwekundu kwa rula, ili hata lililokosewa lisomeke, kisha la sahihi linaandikwa juu yake na karani anatia sahihi pembeni. Kazi hiyo aliifanya kwa mkono mzuri, na alijivunia.

Haya mambo ya ukoo aliletewa na binamu yake aliyeko ng'ambo. Alimtumia kichupa cha kupimia vinasaba, Bi Kesho akatema mate humo, akakirudisha kwa posta na kukisahau. Majibu yalipoingia kwenye simu, huyo binamu mwenyewe alikuwa wa pili katika orodha ya ndugu. Wa kwanza alikuwa mwanamke asiyemjua, wa miaka sitini na miwili, na pembeni yake pameandikwa asilimia ishirini na tano, yaelekea ni shangazi. Bi Kesho akamwandikia siku hiyohiyo. Jibu likaja kwa sauti ya mama mtu mzima, taratibu.

"Mjukuu wangu ndiye aliyenipima, mwanangu. Wazazi wangu siwajui. Nililelewa na mkunga, naye kuhusu kwetu aliniambia kwamba mimi ni wa tisa."

Bi Kesho akaingia ghala la vitabu saa sita mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula. Kitabu cha mwaka ule kilikuwa rafu ya chini. Akakuta mtoto wa kike. Jina la mama lilikuwa la bibi yake. Jina la baba halikuwa la babu. Lilikuwa jina ambalo mimi silirudii hapa, na ukiwa na akili hutauliza. Si la mtu. Wakubwa wa zamani walikuwa hawalitaji bila kutema mate pembeni. Karani wa wakati ule bila shaka alikuwa mgeni, akaandika alichoambiwa. Na kwenye sehemu ya shahidi, kwa mwandiko wa binti wa shule, palikuwa na jina la Shangazi.

Jioni alimwekea Shangazi nakala mapajani, akamsomea mwenyewe, kwa sauti, mpaka kwenye jina la shahidi.

Shangazi aliikunja nakala. Alipoanza kusema alinong'ona. "Babu yako alirudi kutoka kazini mbali. Akahesabu miezi kwa vidole, ikamgomea. Akasema mtoto si wake. Lakini watu wakijua mkewe ana mwanamume, uso wake atauweka wapi? Akasema basi ni wa jini. Akanipeleka ofisini kwenu nikaweke sahihi kwamba nilimwona akiingia chumbani kwa mama."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa na miaka kumi na mitano."

"Sikukuuliza umri, Shangazi. Ulimwona?"

"Sikuona kitu." Akafuta midomo kwa upindo wa kanga. "Mtoto alipofika arobaini, mkunga akamchukua. Mama hakusema tena. Miaka kumi na moja, hata salamu haitikii, mpaka tukamzika."

Bi Kesho akamsogezea simu usoni. "Ishirini na tano. Kama baba angekuwa mwingine, ingesoma nusu ya hapo. Alikuwa wake. Alimtupa mwanawe mwenyewe kwa sababu hajui kuhesabu, na wewe ukamsaidia."

"Usimvue nguo baba yangu kaburini."

"Nitamvua mpaka abaki mifupa."

Hasira ilimpanda Bi Kesho. Maisha yake yote alikuwa ameitazama picha ya babu ukutani, na mustachi wake na kofia yake, akiambiwa yule alikuwa mtu wa haki. Usiku hakulala. Asubuhi, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, hakusema kesho. Hakujaza fomu, hakumwita shahidi, hakumwambia mkuu wake, wala hakumpigia yule mama. Alifungua kitabu, akaweka rula, akalipiga jina lile mstari mwekundu kwa nguvu hata karatasi ikakaribia kuchanika. Juu yake akaandika jina la babu. Akatia sahihi.

Nyuma ya rafu mtu akavuta pumzi, kama aliyepigwa kofi. Kisha ikaja harufu ya nguo iliyopigwa pasi ya moto mno, pasi ya mkaa, wakati ofisini hapakuwa na pasi wala nguo. Bi Kesho akafunga kitabu na kutoka bila kutazama nyuma.

Nyumbani alikuwako binti yake, mwenye mimba ya miezi minane. Mumewe alikuwa dereva wa malori, wiki tatu hayupo, wiki moja yupo, hivyo alikuja kujifungulia kwa mama. Siku ya pili baada ya mstari ule mwekundu, mama na binti walikwenda kliniki. Muuguzi akafungua kadi, akakunja uso.

"Mumeo ni mtu wa wapi? Jina gumu hili."

Akalisoma. Lilikuwa lilelile la kitabuni, kwenye nafasi ya baba, kwa wino mweusi, mwandiko wa kizamani wenye mikia. Binti akacheka, akadhani ni kosa la ofisi. Muuguzi akalikata, akaandika la dereva. Walipofika getini Bi Kesho akaifungua kadi tena, akaona la dereva limepigwa mstari mmoja, umenyooka vizuri kabisa, na juu yake lile jina. Hata pembeni palikuwa na sahihi.

Toka siku hiyo nyumba ikabadilika. Kila alasiri, jua likiwa bado kali na watoto wa jirani wanacheza nje, viatu vya soli ngumu vilisikika vikitoka jikoni kuja ukumbini, vikisimama kwenye kila mlango, vikiendelea, na ile harufu ya pasi ikitangulia. Shangazi alijifungia chumbani. Bi Kesho alimfuata mlangoni.

"Fungua. Wewe ndiye shahidi wake. Toka umwambie ulivyodanganya."

"Mwanangu, naogopa."

"Ulipaswa kuogopa zamani."

Siku ya tano binti alikuwa amelala kitini sebuleni, Bi Kesho yuko karibu anachambua mchele, saa kumi na nusu, mwanga umejaa chumba chote, ndipo Bi Kesho akaona gauni la mwanawe likibonyea tumboni bila mtu, likibonyea mahali patano, vidole vinne na gumba, polepole, kama fundi anayepima kitambaa, na vile vidole vikasogea juu kisha vikashuka huku kitambaa kikianza kubadilika rangi na kuwa kahawia kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, na binti bila kufumbua macho akasema kwa sauti ndogo sana, "Mama, kuna mtu ananiwekea mkono. Wa moto. Anahesabu siku zilizobaki."

Bi Kesho alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, nyuma ya sikio lake, ya upole, ya mtu aliyezuia hasira kwa muda mrefu na sasa amechoka.

"Umenifutia mtoto. Nitaandikisha mwingine."

Alimpigia yule mama huku akilia. Akamweleza yote, kitabu, mstari, kadi, mkono.

"Umemfuta?" yule mama akauliza. "Nani alikutuma?"

Yule mama alipanda basi la alfajiri, na saa nane mchana alikuwa mlangoni. Alikuwa Shangazi kabisa, uso uleule, isipokuwa huyu alisimama wima. Hakuamkia. Alinusa hewa, na uso wake ukalainika.

"Yupo," akasema.

Akaingia, akakaa miguuni pa binti, akaongea bila kumtazama mtu. "Mkunga alikufa nina miaka sita. Nikawa mtoto wa kupokezana, nyumba hii mwezi huu, ile mwezi ujao. Nilikuwa najua kitu kimoja, jina la baba lililoandikwa kitabuni, alilonitajia mkunga. Nikishikwa na homa nilimwita. Akawa anakuja. Anakaa miguuni pangu, nguo zimepigwa pasi, mpaka homa inashuka. Miaka yote hiyo hakunigusa kwa ubaya hata siku moja."

Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo. Shangazi alikuwa amesimama, ameshika fremu. "Mdogo wangu," akasema. "Sisi damu yetu moja. Imepimwa."

"Damu kaeni nayo."

"Nilikuwa mtoto."

"Na mimi nilikuwa mtoto," Wa Tisa akasema. "Nilikuwa na siku arobaini."

Kisha akamgeukia Bi Kesho, na hasira yake ilikuwa kavu, haikupandisha sauti. "Na wewe msomi wa vitabu. Uliniuliza?"

"Shangazi, nilirekebisha kosa."

"Uliniuliza?"

Bi Kesho alikuwa amekasirika kwa niaba ya mtu ambaye hakumpigia hata simu.

"Nitalirudisha," akasema.

"Lini?"

"Leo. Sasa hivi."

Walikwenda masjala wakaikuta karibu kufungwa. Bi Kesho akafungua kitabu, na pale pembeni akaandika kwamba sahihisho limebatilishwa na ingizo la awali libaki. Wa Tisa alisimama nyuma yake mpaka wino ukakauka. Waliporudi nyumbani, akaweka kiganja juu ya tumbo la binti, pale gauni lilipobonyea, kama mtu anayefunika mkono wa mwenzake.

"Baba, huyu si wako. Wako ni mimi. Twende zetu."

Gauni likanyooka. Viatu vya soli ngumu vikatembea taratibu kuelekea mlangoni, na Wa Tisa akavifuata. Akafika kizingitini akasimama, akainamisha kichwa kama anayesikiliza, halafu akamtazama Shangazi.

"Anasema hajamsahau shahidi wake wa uongo."

Akaondoka, na harufu ikaondoka naye.

Binti alijifungua mtoto wa kike, salama. Kwenye kadi jina la baba lilikuwa la dereva, na lilibaki hivyo. Wiki kadhaa Bi Kesho hakuitazama kalenda. Siku aliyojikaza akaitazama, mstari wa tisa haukuwepo. Akahesabu ili awe na hakika. Ilikuwa saba. Wa kushoto kabisa, wa mzaliwa wa kwanza, nao haukuwepo, wala jina chini yake, wala alama ya raba.

Alikwenda ghala akachukua kitabu cha zamani zaidi. Mahali pa kuzaliwa kwa Shangazi, kati ya namba mbili zinazofuatana, palikuwa peupe kabisa.

Jioni hiyo mjukuu alitimiza arobaini. Binti aliandaa meza ya watu wawili.

"Na bibi yako, Shangazi?" Bi Kesho akauliza.

"Bibi gani, Mama?"

Kiti kilichogeuzwa kilikuwa palepale, na Shangazi alikuwa amekaa juu yake, ameshika mkoba wake mapajani. Binti akapita mbele yake, akaweka nguo za mtoto mapajani pake kana kwamba kiti ni kitupu.

"Mwanangu," Shangazi akanong'ona. "Hakuna anayeniitikia. Jana jirani alinifungia mlango usoni. Unaniona, si unaniona? Chukua kalamu. Niandike."

Bi Kesho alikuwa anamwona. Akachukua penseli iliyokuwa juu ya runinga, akasogea kwenye kalenda, akaweka ncha mahali pale kushoto. Ndani mtoto wa siku arobaini akaanza kulia, na Bi Kesho akasimama akisikiliza kilio kile, udogo wake, na hasira aliyodhani imekwisha ikampanda upya.

Akairudisha penseli mahali pake.

"Kesho, Shangazi," akasema, akaenda kumchukua mjukuu.