Maoni ya Wachuka Kuhusu Televisheni

Kila siku saa kumi na nusu nilifika nyumbani, nikaosha vyombo vya asubuhi, nikawasha jiko la makaa. Kisha niliketi kitandani, mgongo ukutani, nikimngoja Shangazi Warigia, ambaye alishona nguo katika soko la Nyeri na hakurudi kabla ya saa moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimetoka kwetu Endarasha mwezi wa Januari kuja kusoma darasa la sita mjini, na hata Machi ilipokwisha sikuwa nimepata mtu wa kuzungumza naye isipokuwa sufuria. Nilikuwa mpweke sana. Sioni haya kulisema hilo sasa, ingawa wakati ule ningekufa kwanza.

Ukuta ule ulikuwa wa mbao, na nyuma yake alikaa Mama Kibibi. Mumewe, Bwana Huseni, aliuza nyama, na mwaka huo wa 1974 alinunua televisheni, ya kwanza katika mtaa wetu wa Majengo. Ilipowashwa nilisikia kila neno. Nilisikia pia majirani wakiingia na kutoka, maana mlango wa Mama Kibibi haukufungwa mpaka watu walale. Lakini mimi sikupiga hodi hata siku moja. Kwetu, mtoto anayezunguka nyumba za watu jioni husemwa kwamba anafuata chakula, na mama alikuwa amenionya nisimwaibishe shangazi.

Shuleni, wakati wa mapumziko, wasichana wa darasa letu walikaa karibu na ua. Mimi nilisimama kwenye mfereji wa bomba nikijifanya nanywa maji. Si rahisi kunywa maji kwa dakika thelathini, lakini nilijitahidi. Jumatatu moja niliwasikia wakizungumza juu ya mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa jana yake. Ngendo, aliyekuwa kiongozi wao, alisema ulikuwa mzuri ajabu. Alikuwa ameambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu.

"Haukuwa mzuri," nikasema kabla sijajizuia. "Yule baba alipiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto wake angejibu saa ngapi?"

Wote wakageuka. "Kwani wewe uliona?" akauliza Ngendo.

Ningeweza kusema kwamba nilisikia tu. Badala yake nikasema, "Niliona. Kwetu tuko na televisheni."

Wakasogea wakaniachia nafasi. Ngendo akanikatia kipande cha kiazi kitamu. Nilikila polepole ili kengele isilie kabla sijamaliza.

Tangu siku hiyo walinisubiri. Niliwaambia kwamba yule msomaji wa habari anaongea kana kwamba ana githeri moto mdomoni. Mieleka haina maana, kwa sababu watu wale wanaguna kuliko wanavyopigana. Filamu za wapanda farasi ni bure kabisa. Risasi nyingi, mazungumzo kidogo, na wenye akili ni farasi peke yao. Mchezo wa mama mkwe ndio nilioupenda, lakini angepunguza kulia. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nao walipotaka kujua mambo yalivyoonekana, niliyatengeneza mwenyewe. Mama mkwe nilimvika gauni la manjano, na msomaji wa habari nikamfunga tai ya kijani. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimeona filamu moja tu, ile iliyoletwa Endarasha na gari la sinema na kuonyeshwa uwanjani. Ile ilikuwa na rangi tele, nikadhani televisheni ni vivyo hivyo.

Jumamosi moja Ngendo alikwenda kwa binamu yake huko Kiganjo. Jumatatu akanikuta tayari nimekaa katikati ya wenzangu.

"Wachuka, ule mchezo wa daktari juzi uliona?"

"Niliona. Daktari anajivuna sana."

"Koti yake ilikuwa ya rangi gani?"

"Buluu," nikasema bila kusita.

"Na gari yake?"

"Nyekundu. Inang'aa."

Ngendo hakucheka. "Mimi niliiona kwa binamu yangu. Televisheni haiko na rangi, Wachuka. Kila kitu ni nyeupe na nyeusi. Hata hapa mjini ni hivyo hivyo, nimeuliza. Haki, umetudanganya hii miezi yote?"

Waliinuka mmoja mmoja, wakahamia upande wa pili wa uwanja. Nilibaki nimekaa hapo peke yangu. Upweke wa kwanza nilikuwa nimeuzoea. Huu wa pili uliniuma zaidi kwa sababu sasa nilijua nilichokikosa.

Jioni ile sikuwasha jiko. Nililia kwa sauti nikisahau kwamba mbao hazichagui upande wa kusikia. Mara mlango ukagongwa.

"Mwanangu, una nini? Umeungua?" Ilikuwa ni Mama Kibibi, na mikono yake ilikuwa na unga.

Nilimweleza yote.

"Tangu Januari unatusikiliza, na hukupiga hodi?"

"Niliogopa mtasema nimefuata chakula."

"Na ungekifuata, kuna ubaya gani? Kwangu huu mlango uko wazi kwa nini? Simama, twende."

Nikaona televisheni kwa mara ya kwanza. Yule msomaji wa habari niliyemdhania kuwa mnene alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, na tai yake ilikuwa ya kijivu. Nilicheka huku machozi hayajakauka. Mama Kibibi akanipa chapati, kisha akasema, "Kesho utawaambia wenzako kweli. Yote, kama ulivyoniambia mimi."

"Hawatanirudia, Mama Kibibi."

"Labda. Waambie hata hivyo."

Kesho yake niliwafuata ng'ambo ya uwanja. Nikasema kwamba sina televisheni, kwamba nilisikiliza ukutani, kwamba nilidanganya kwa sababu sikuwa na mtu wa kukaa naye. Wengine walicheka. Wengine walinigeuzia mgongo. Ngendo aliuliza swali moja tu.

"Sasa, shangazi yako akiwa sokoni, wewe hukaa na nani?"

"Sikai na mtu yeyote. Yaani, peke yangu."

Kengele ikalia, akaenda darasani. Lakini siku ya Alhamisi, baada ya masomo, alinifuata mpaka nyumbani akiwa na daftari lake la hesabu. Tulipiga hodi kwa Mama Kibibi, nami nikamnong'oneza kwa huzuni kwamba katika wote amekuja huyu mmoja tu.

"Sikiliza, mwanangu," akasema Mama Kibibi. "Wale wengine walimpenda msichana mwenye televisheni, na msichana huyo hayupo. Ulijificha nyuma yake, ndiyo maana ukabaki mpweke hata ulipozungukwa na watu. Uongo unaweza kukuletea watu, lakini hawaji kwako. Huyu mmoja amekuja kwa Wachuka."

Ngendo alinivuta mkono wa sweta, akauliza kama kesho pia anaweza kuja.