Upande wa Nyuma wa Paa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapchap alimsaidia mama yake kuhamisha cherehani. Waliitoa chumbani na kuiweka upande wa magharibi wa nyumba, penye kivuli. Kivuli kilipokwisha adhuhuri, mama aliivuta peke yake hadi chini ya upenu wa jirani. Chapchap aliporudi kutoka shule alimkuta upande wa pili kabisa, amejifunga kitambaa kwenye kipaji cha uso ili jasho lisidondokee nguo za wateja. Wapita njia walimtania kwamba cherehani yake ina miguu. Mama aliwajibu kwamba haina miguu ila ina akili, maana hata mashine inajua kwamba mle chumbani ni tanuri.

Hakuwa anatia chumvi. Safu yao ya nyumba iliezekwa kwa mabati ya zamani, yaliyoshika kutu yakawa mekundu kama udongo. Jua lilipopanda, mabati yalianza kulia ta, ta, ta, na joto likawashukia watu vichwani kama blanketi. Zamani joto la namna hiyo lilikuja siku chache kisha likaenda zake. Miaka hii lilikuja mapema na kukaa, kama mgeni asiyejua kuaga.

Chapchap alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alilipata kwa sababu kila kitu alikifanya mbio: alikunywa chai mbio, alifagia mbio, na kazi za shule aliziandika mbio huku amesimama. Methali zote za kuwaasa watu wasiharakishe alikwisha kuambiwa, naye aliziitikia mbio vilevile.

Mwenyekiti wa mtaa wao alikuwa mkunga mstaafu, na watu wote walimwita Mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipokewa na mikono yake. Siku moja alikwenda kumtazama mtoto mchanga wa jirani waliyemwita Mama Kichanga. Alimkuta mtoto amejaa vipele vya joto shingoni na mgongoni, amelegea, hata kunyonya hataki. Mkunga alimtoa nje, akampepea, akamfuta kwa kitambaa chenye maji mpaka akachangamka. Jioni ileile aliwaita wakazi uani kwake.

Aliwaambia kwamba wamelalamika vya kutosha, na jua halina masikio. Mvua imebadilika, joto limebadilika, na wao wakikaa kumsubiri mtu wa mbali aje kuwapoza, watoto wataumia. Alisema zahanati moja aliyowahi kufanyia kazi ilipakwa chokaa juu ya paa, na vyumba vikapoa. Akawauliza, mtu akivaa nguo nyeusi na mwenzake nyeupe, wakasimama juani, nani ataungua zaidi?

Aliyepinga alikuwa Fundi Redio. Huyu alitengeneza redio za watu, na pia alipenda kupinga, kazi mbili alizozifanya kwa bidii sawasawa.

"Tangu lini nyumba ikavaa shati?" aliuliza.

Watu walicheka, na Mkunga akacheka nao. Kisha akapendekeza waanze na paa moja tu, la Mama Kichanga. Likipoa, safu nzima itapakwa kwa michango ya wote. Lisipopoa, watakuwa wamepoteza chokaa kidogo na nguvu za siku moja. Hata Fundi Redio alikubali.

Jumamosi mtaa uliamka na ndoo. Chokaa ilikuwa imelowekwa tangu jana yake katika mapipa mawili, ikachanganywa na chumvi na gundi ili ishike. Pipa la kwanza alilichanganya Mkunga mwenyewe. La pili alipewa mama yake Chapchap, kwa sababu mtu anayeweza kushona vifungo siku nzima bila kununa, alisema Mkunga, hawezi kushindwa kukoroga.

Paa la Mama Kichanga lilikuwa la chini, na mabati yake yalikuwa mepesi, yasiyoweza kubeba mtu mzima. Walihitajika watoto wepesi. Wakachaguliwa Chapchap na Kijiti, mvulana wa darasa lake, ambaye jina lake lilimweleza vizuri kuliko picha. Walifungwa kamba kiunoni, na watu wazima wakazishika barabarani. Kijiti alipewa upande wa mbele, unaotazama barabara. Chapchap akapewa upande wa nyuma, unaotazama ukuta wa ghala.

Kabla hawajapanda, Mkunga aliwapa brashi za waya na maelekezo. Wasugue kutu yote mpaka waone bati lenyewe, waoshe vumbi, waache likauke, ndipo wapake. Alirudia mara mbili kwamba chokaa haishiki juu ya kutu wala vumbi.

Chapchap alianza kwa kishindo. Alisugua bati la kwanza likang'aa, akasugua la pili. Vumbi jekundu likamwingia puani, akapiga chafya. Mikono ikaanza kumuuma. Alitazama mabati yaliyobaki akaona kama yanaongezeka. Upande wa mbele alisikia vicheko na ndoo zikigongana, na moyo wake ukamwambia kwamba Kijiti atakuwa wa kwanza kupaka, na watu wote watamshangilia, na yeye atakuwa bado anasugua kutu mahali ambapo hapaonwi na mtu.

Alichungulia. Upande ule hapakuwa na jicho hata moja. Akachukua ndoo ya maji, akamwaga juu ya mabati yote. Maji yaliyabeba mavumbi ya juujuu, na mabati yaliyolowa yakameremeta kama mapya.

"Nimemaliza," aliita.

"Umesugua mpaka pembeni?" Mkunga aliuliza kutoka chini.

"Mpaka pembeni."

Neno hilo lilitoka mbio, kama kila kitu chake. Paa likaachwa likauke, na jua la siku ile halikuchukua muda.

Kupaka kulikuwa sherehe. Chokaa ya pipa la kwanza ilienda mbele kwa Kijiti, ya pipa la pili ikaenda nyuma kwa Chapchap. Matone yalirukia kila mtu. Moja kubwa lilimwangukia Fundi Redio katikati ya kichwa, watu wakampa pole kwa kuzeeka asubuhi moja. Kazi ilipokwisha, paa lilikuwa jeupe mpaka likaumiza macho.

Siku iliyofuata, saa ambazo kwa kawaida chumba kile kilikimbiwa, Mama Kichanga aliingia na mtoto wake na hakutoka. Watu walingoja nje. Mwishowe alichungulia mlangoni, kidole mdomoni, akawaashiria waingie mmoja mmoja, kimya. Mtoto alikuwa amelala chali, mikono ameitupa huku na huku kama bwana mkubwa. Waliingia kwa zamu, wakanyoosha mikono juu kuelekea mabati, wakatoka wakitabasamu. Hata Fundi Redio aliingia, tena mara mbili, akidai mara ya kwanza hakusikia vizuri. Siku hiyohiyo safu nzima ilikubali kuchanga.

Kisha, katikati ya juma, mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua ya ghafla, ya matone mazito, aina waliyoanza kuizoea miaka hiyo. Ilipokatika, Mama Kichanga alitoka akaona nyuma ya nyumba yake kijito cheupe kama maziwa. Nusu ya mbele ya paa ilikuwa nyeupe vilevile. Nusu ya nyuma ilikuwa nyekundu, isipokuwa vipande viwili vya bati kando. Siku ya pili yake joto lilirudi chumbani, na mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Fundi Redio alipiga hesabu yake hadharani. Mbele walitumia pipa la kwanza, nyuma la pili. Basi pipa la pili lilikuwa bovu. Alisema wamempa mshona nguo kazi ya chokaa, na matokeo wameyaona. Wengine walianza kunong'ona kwamba michango yao warudishiwe. Kilichomuumiza Chapchap zaidi ni kwamba mama yake hakubisha.

"Labda ni mimi," mama alisema. "Labda chumvi haikutosha."

Jioni hiyo mama alikaa akifumua mshono. Alikuwa amebandika mkono wa shati kinyume, jambo ambalo Chapchap hakuwahi kumwona akilifanya. Chai ilikuwa mbele yake Chapchap, naye aliitazama mpaka ikapoa. Alitaka kusema, lakini maneno, ambayo siku zote yalimtoka kama mbuzi waliofunguliwa, yaligoma. Alijua pipa halikuwa na kosa. Vipande viwili vilivyobaki vyeupe vilikuwa vile viwili alivyovisugua.

Kesho yake alasiri wakazi walikutana tena kwa Mkunga kuamua kama waendelee au waache. Fundi Redio alikuwa amekwisha kusimama. Chapchap alipita katikati ya magoti ya watu mpaka mbele, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alizungumza polepole.

"Pipa la mama halina ubaya," alisema. "Mimi sikusugua. Nilisugua mabati mawili tu. Mengine niliyamwagia maji, nikasema nimemaliza."

Mama alimtazama. Chapchap alisubiri ukali, lakini alichokiona usoni mwa mama kilikuwa kizito kuliko ukali.

"Jana uliniona nikifumua mshono," mama alisema. "Ukaniacha nijilaumu."

"Niliogopa, mama. Nisamehe."

Akamgeukia Mama Kichanga pia, akamwomba radhi. Mama Kichanga alimpakata mtoto upande wa pili, akamwambia mwenye kudai radhi kwa kweli ni huyu mdogo, naye hadai maneno, anadai usingizi.

Watu walicheka, na kile kicheko kikailegeza mioyo. Fundi Redio alikuwa bado amesimama, hajui akae au aendelee. Mwishowe alikuna kichwa.

"Basi mimi naliomba radhi pipa," alisema, kisha akamgeukia mama yake Chapchap, "na mwenye pipa."

Iliamuliwa kwamba Chapchap atasugua upya upande wote wa nyuma, na utapakwa chokaa ileile ya pipa la pili iliyobaki, ili kila mtu aone mwenyewe. Jumamosi asubuhi alifungwa tena kamba, na mwisho wa kamba aliushika mama. Alisugua bati moja mpaka mwisho ndipo akaanza lingine. Vumbi lilimjaa kwenye nyusi. Alipofika katikati alisikia kukwaruza kando yake, akageuka, akamwona Kijiti na brashi yake. Hakuna aliyemtuma. Alisema tu kwamba amechoka kusikiliza kelele kutoka chini, basi wakasugua pamoja, wakishindana kupiga chafya.

Saa za mchana Mkunga aliegemeza ngazi, akapanda mpaka ukingoni, akapitisha kiganja juu ya bati na kukitazama. Kilikuwa safi. Ndipo chokaa ikapanda.

Mvua iliyofuata iliwakuta watu nje. Badala ya kukimbilia ndani, walikusanyika nyuma ya nyumba ya Mama Kichanga, wengine na miavuli, wengine na mabeseni kichwani, wakayakodolea macho maji yaliyotoka kwenye paa. Yalikuja maji matupu, angavu. Mama aliyakinga kwa kiganja, akayaangalia, akaanza kucheka, na Chapchap akacheka naye huku wote wawili wamelowa chapachapa. Fundi Redio alitangaza kwa sauti kubwa kwamba yeye tangu mwanzo aliliamini pipa lile, na hakuna aliyemvunja moyo.

Kabla mwezi haujaisha, safu nzima ilikuwa nyeupe. Mchana watu walikaa vyumbani mwao, wazee wakapata usingizi, na mtoto wa Mama Kichanga akanenepa mashavu. Siku moja walifika watu wa mtaa wa pili, wameliona jambo lile kutoka mlimani kwao, wakaomba wafundishwe. Mkunga aliwaambia atawaletea fundi wa kuanzia. Fundi huyo alikuwa Chapchap.

Njiani kwenda huko, Chapchap alibeba brashi za waya na Mkunga akabeba mwavuli. Chapchap alimuuliza kwa nini amemchagua yeye, wakati yeye ndiye aliyeharibu, na Kijiti alifanya vizuri tangu siku ya kwanza.

"Kijiti anajua kusugua," Mkunga alimjibu. "Wewe unajua kusugua, na tena unajua kinachotokea mtu asiposugua. Sikiliza, mwanangu. Hili jua jipya na hizi mvua mpya hatuziwezi mtu mmoja mmoja. Tunaziweza kwa kuaminiana. Mimi nilikuwa chini, sikuoni. Nilichokuwa nacho ni neno lako tu. Kazi ya wengi husimama juu ya kitu hicho, kila mmoja kufanya sehemu yake hata pale ambapo haonekani, na akikosea, kusema mapema kabla mwingine hajabeba mzigo wake."

Chapchap hakuitikia mbio. Alitembea akiyatafakari maneno hayo mpaka wakafika. Watoto wa mtaa wa pili walikuwa wamejipanga, macho yao yote kwenye pipa la chokaa. Mmoja aliuliza wataanza kupaka saa ngapi.

"Baadaye," Chapchap alisema, akaanza kuwagawia brashi. "Kwanza tunasugua. Nami nitaanza na upande wa nyuma."