Mlima Uliokalia Kitanda cha Nasia

Tega sikio moja. La pili liweke akiba, maana habari hii haienei kwenye sikio moja.

Nasia alikuwa na miaka sita. Alikaa Mwika, huku juu ambako migomba huvaa ukungu kama sweta.

Nasia alikuwa na majina mawili. Shuleni aliitwa Nasia. Nyumbani aliitwa Bibi, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. Ukimwita Bibi shuleni, hageuki ng'o.

Siku hiyo Mwalimu Chiyo, mgeni kutoka Japani, aliandika herufi moja ubaoni.

山

Alisema herufi hiyo maana yake ni mlima. Akawafundisha kuiandika.

Mrefu katikati, shu.
Mfupi kushoto, ulale chini, shuu-laa.
Mfupi kulia, shu.

Kumbe herufi nayo ina majina mawili. Ikiwa peke yake, isome Yama. Ikifuata jina la mlima, isome San. Kama mlima wa kwao Mwalimu, Fuji. Fuji-san.

Nasia aliishika San. Yama ilimpita hivihivi. Alikuwa anatazama andazi la jirani.

Jioni, Nasia akachukua kipande cha mkaa. Akaandika kwenye ubao wa kitanda.

Mrefu katikati, shu.
Mfupi kushoto, ulale chini, shuu-laa.
Mfupi kulia, shu.

Puu.

Mlima ukaruka kutoka ubaoni. Ukakalia kitanda. Mlima mzima, na mawe yake, na theluji yake.

Mnabisha? Muulizeni kuku. Alikuwa uvunguni, akatoka amevaa soksi.

Hata Kibo, mlima wetu wenyewe, ulisogea dirishani kuchungulia mgeni.

Wadogo zake Nasia, Kunda na Aika, wakaanza kulia. Kitanda kilikuwa kimoja, cha wote watatu. Giza lilikuwa njiani. Sasa watalala wapi?

"San, shuka," Nasia akasema.

Mlima kimya.

Akausukuma kwa bega. Kimya. Akausukuma kwa mgongo. Kimya, na theluji ikamwagikia shingoni, chururu.

Akaupa uji. Mlima ukanywa, fyooo. Ukabaki na kikombe.

"San, tafadhali shuka."

Kimya kabisa.

Mara Mama akaita kutoka jikoni. "Bibi, mmenawa miguu?"

"Tunanawa, Mama," Nasia akaitika.

Halafu akasimama, mguu mmoja juu. Ameitika upesi hivyo kwa nini? Kwa sababu yuko nyumbani, na ameitwa kwa jina la nyumbani.

Akautazama mlima. Uko na nani pale? Hauna mwenzake. Uko peke yake.

Lile jina lililompita darasani likamrudia. Nasia akanong'ona, "Yama."

"Naam," mlima ukaitika.

Kuku akaketi kwa mshangao.

"Muda wote huu unaniita San," mlima ukasema. "San ni ya mlima wenye jina. Mimi jina sina."

"Ukipata jina, utashuka?"

"Nitashuka, na kikombe nitarudisha."

Nasia akafikiri. Kunda akasema uitwe Ndizi. Mlima haukutaka. Aika akasema uitwe Aika. Mlima ukasema huyo tayari yupo.

Meno ya Nasia yaligongana, ka ka ka. Alitaka kulala. Alitaka joto. Hapo jina likaja lenyewe.

"Wewe ni mlima Blanketi," akasema. "Blanketi-san."

Mlima ukacheka, ghu ghu ghu. Ukarudisha kikombe. Ukapungua, ukalegea, ukawa laini. Theluji ikawa pamba. Ukashuka kitandani, watoto wakapanda, kisha ukawafunika wote watatu.

Kibo ukapiga miayo, ukarudi zake.

Mama akaingia na taa. Akawakuta wamekaa kitandani, wamejifunika hadi vichwani.

Mrefu katikati.
Mfupi kushoto.
Mfupi kulia.

"Na huyu mkubwa aliyewafunika ni nani?" Mama akauliza.

Nasia akatoa pua. Akamweleza kila kitu, kuanzia andazi.

Mama alikuwa mtu wa kujaribu mambo. "Lala salama, Yama," akasema.

Kimya.

"Lala salama, Blanketi-san."

"Naam," blanketi likaitika.

Mama akazima taa haraka sana. Watoto wakalala fofofo, joto kama viazi jivuni.

Na kuku? Ile soksi hajairudisha mpaka leo.